Kiwi Shingoni mwa Mwanasesere

Nilimpata Gikomba, Jumamosi moja asubuhi, chini ya rundo la viatu vya watoto visivyo na wenzake. Muuzaji alikuwa ameshamaliza kuuza kamera, yaani zile bidhaa nzuri za kwanza kuchaguliwa beli likifunguliwa, na sasa alikuwa amebaki na fagia, yale mabaki ambayo mtu hujichotea kwa bei ya kutupa. Mwanasesere huyu alikuwa fagia ya fagia. Kichwa kimelegea, mkono mmoja unaning'inia, nywele zimebaki kidogo kama ukoko pembeni mwa sufuria, na jicho moja limekataa kufumbuka.

"Madam, chukua na mia mbili," muuzaji alisema. "Hiyo ni ya zamani. Siku hizi hawatengenezi."

Nilimpa mia moja na hamsini, akamfunga kwenye gazeti kama nyama, nikapanda matatu kurudi nyumbani. Nilikuwa nimeshaamua kwamba nitamtengeneza, nimpe binti yangu ambaye angetimiza miaka tisa mwezi uliofuata. Sikufikiri kwamba kuna swali lolote hapo. Kitu kimeharibika, unakitengeneza. Si ndivyo tulivyofunzwa? Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Leo naandika kwa sababu niliziba ufa na katika kuuziba nikafuta kitu ambacho siwezi kukirudisha.

Nianze na kazi yenyewe, maana hoja yangu imo ndani ya kazi hiyo. Mgongoni mwake, chini ya shingo, palikuwa na maandishi yaliyotokeza kwenye plastiki: jina la Pedigree, na kwamba ametengenezwa Uingereza. Hiyo ilikuwa chapa ya Lines Brothers, kampuni ya vitu vya kuchezea iliyokuwa na kiwanda kikubwa Merton, London, na ambayo ilivunjika mwaka 1971. Wanasesere wa plastiki ngumu kama huyu walivuma katika miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakitengenezwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, na uso wa namna hiyo ukizeeka hupasukapasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Plastiki ngumu ilikuja kama mkombozi. Haikupasuka ovyo na ilifutika kwa kitambaa.

Ndani, mwanasesere wa aina hii ni mtupu. Mikono, miguu na kichwa hushikiliwa na lastiki inayopita ndani ya kiwiliwili, na kila kiungo kina kulabu ya kuning'inia hapo. Lastiki ikichoka, mwili wote unalegea. Macho nayo yana kipande cha chuma kizito nyuma yake. Ukimlaza, uzito unayavuta yanafumba, ukimsimamisha yanafumbuka. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kutomtumbukiza mwanasesere kwenye maji. Maji yakiingia kichwani, kile chuma kinashika kutu na jicho halifumbuki tena. Unasafisha kwa pamba iliyonyevuka, sabuni kidogo na subira nyingi. Kanuni ya pili ni kunusa. Baadhi ya plastiki za enzi hizo zikianza kuoza hutoa harufu kali ya siki, na mvuke wake unaweza kuharibu wanasesere wengine waliohifadhiwa pamoja. Kwa hiyo nilimnusa kila mahali. Sikusikia siki, nikashukuru Mungu.

Nilipomfungua nilikuta jambo la kwanza la kunishangaza. Ndani hamkuwa na lastiki. Mlikuwa na ukanda wa mpira mweusi uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli, umefungwa fundo kubwa la kishujaa, na kulabu ya shingo ilikuwa imekunjwa kutoka spoki. Kwa hiyo huyu hakuwa amefika nchini juzi ndani ya beli. Kuna fundi aliyewahi kumtibu, na kwa kuuangalia mkono wake, nilisadiki ni fundi wa hapa kwetu, mtu wa jua kali, ambaye hakuwa na lastiki ya kiwandani na hakuingoja. Jumamosi iliyofuata nilimuuliza muuzaji. Akakiri kwamba kweli haikutoka kwenye beli. Kuna mzee humletea vitu vinavyotolewa kwenye nyumba watu wakihama.

Nilicheka, nikaweka ule mpira kando na kuendelea na usafi. Na alikuwa mchafu kwelikweli. Uso, shingo, mikono na miguu ilikuwa na rangi ya kahawia iliyokolea kwenye mikunjo na kufifia kwenye mashavu. Sabuni haikuitoa. Nikajaribu mafuta ya watoto kwenye pamba, ikaanza kuteleza na kutoka. Kazi ya jioni tatu. Kila nilipofuta, chini yake ilitokeza ngozi ya waridi, inang'aa, kama siku aliyotoka kiwandani. Nilifurahi mno. Hata nilipiga picha za kabla na baada, nikawaonyesha walimu wenzangu kwenye chumba cha walimu.

Jioni ya tatu mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Njoro. Alikaa kando yangu akinitazama. Kulikuwa na beseni limejaa vipande vya pamba vilivyochafuka. Akachukua kimoja, akakisugua kati ya vidole viwili, akakinusa.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwa huyu doli, mama. Ni uchafu."

"Uchafu hautelezi hivi." Akasugua tena. "Hii ni kiwi."

Nilitaka kubishana, lakini pua yangu ilikuwa imeshakubali. Mtu aliyesoma shule ya bweni hawezi kukosea harufu ya kiwi ya viatu, harufu ya Jumapili jioni, mswaki mkuukuu na foleni ya viatu kwenye veranda. Siku zote tatu nilikuwa nimenusa nikitafuta siki. Kiwi sikuitafuta, kwa hiyo sikuisikia.

Kisha nikamwangalia mwanasesere upya. Rangi ile ilikuwa imefika nyuma ya masikio na kuingia hadi chini ya ukingo wa zile nywele chache zilizobaki, mahali ambapo mkono mchafu wa mtoto haufiki. Ilikuwa imepakwa mikono yote hadi begani na miguu hadi mapajani. Lakini kifuani na tumboni, panapofunikwa na gauni, hapakuwa na hata tone. Uchafu hauchagui. Aliyefanya hivi alikuwa amechagua. Alipaka kila kinachoonekana.

"Alitaka afanane naye," mama akasema, kana kwamba ananieleza jambo la kawaida kabisa. "Sisi tulikuwa tunapaka masizi. Dada yangu alikuwa na wa gunzi la mahindi, na gunzi ni jeupe. Tulimpaka masizi ya sufuria ndiyo awe mtoto wetu."

Akaniangalia, halafu akaangalia beseni. "Na wewe umemwosha," akasema.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nimelifikiria jambo hili miezi kadhaa sasa, na kila ninayemsimulia huniuliza, kwani si doli tu? Ni kweli, ni doli tu. Lakini mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na lugha yangu hainiruhusu kumaliza hoja hapo. Neno mwanasesere lina mwana ndani yake, na limewekwa katika ngeli ya A-WA, pamoja na watu na wanyama. Hatusemi mwanasesere imevunjika. Tunasema amevunjika. Sokoni ndiko anakogeuka kuwa hiyo: hiyo ni ya zamani, hiyo chukua na mia mbili. Mwanasesere anaishi kwenye mpaka huo. Ni kitu, lakini ni kitu ambacho mtu alikitumia kufikiria kuhusu watu.

Na kwamba watoto hufikiri kupitia wanasesere si maneno yangu. Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia wawili Weusi wa Marekani, Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, waliwawekea watoto Weusi wa kati ya miaka 3 na 7 wanasesere waliofanana kwa kila kitu isipokuwa rangi. Wakawauliza: nipe yule mzuri, nipe anayeonekana mbaya, nipe anayefanana na wewe. Wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri na mweusi kuwa mbaya, na baadhi yao walipofika swali la mwisho walishindwa kujibu bila kuumia. Mwaka 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua katika kesi ya Brown kwamba kuwatenga watoto shuleni kwa rangi ni kinyume cha katiba, ilitaja kazi ya Kenneth Clark miongoni mwa ushahidi wake.

Watoto wale waliwekewa wanasesere wa rangi mbili wachague. Mtu wangu, yule aliyeshika kopo la kiwi, alikuwa na mmoja tu. Na hakumchagua wala kumkataa. Alifungua kopo. Jambo la kushangaza ni kwamba kiwanda chenyewe kilikuwa na wazo hilo hilo: Pedigree iliuza pia wanasesere weusi, wenye sura zile zile za weupe, plastiki tu ndiyo imebadilishwa rangi. Mtu huyu alifanya kwa kidole na kitambaa kile ambacho kiwanda kilikifanya kwa mashine. Tofauti ni kwamba cha kiwanda kingeitwa orijino, na chake kiliitwa uchafu. Tena nilikiita hivyo mimi, mjukuu wa mwanamke aliyefua nguo za wazungu Njoro.

Hapo ndipo neno orijino liliponikaa kooni. Tunalipenda sana neno hili Nairobi. Simu orijino, unga orijino, spea orijino. Tunamaanisha kitu kilivyotoka kwa aliyekitengeneza mara ya kwanza, na tunadhani kukarabati ni kurudi huko. Lakini mwanasesere wangu ametengenezwa mara ngapi? Kiwandani mara moja. Na fundi wa tyubu mara ya pili. Na mtu wa kiwi mara ya tatu. Kwa nini wa kwanza tu ndiye ahesabiwe kuwa ndiye ukweli, na wengine wawe ajali zilizompata?

Watu waliobishana kuhusu majengo waliliona swali hili zamani. Mfaransa Viollet-le-Duc, aliyekarabati kanisa la Notre-Dame la Paris katika karne ya 19, aliamini kwamba kukarabati ni kulifikisha jengo kwenye ukamilifu, hata kama ukamilifu huo haukuwahi kuwako siku yoyote. Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake cha mwaka 1849 kuhusu usanifu wa majengo, alishikilia kinyume: kwamba ukarabati wa namna hiyo ni uongo tangu mwanzo hadi mwisho, na heri kulitunza jengo lisianguke kuliko kulifanya lijifanye jipya. Hatuhitaji kwenda Ulaya kuona ugomvi huu. Mafundi wa Lamu wanajua kwamba ukuta wa matumbawe uliojengwa kwa chokaa ukiupiga plasta ya simenti, utapendeza kwa muda, lakini unyevu utakosa pa kutokea na ukuta utaoza kwa ndani. Simenti ni ngumu kuliko chokaa. Ubaya wake ni kwamba haukubali ukuta ulivyo.

Mimi nilikuwa mtu wa Viollet-le-Duc bila kumjua. Nilitaka ukamilifu wa waridi. Lakini kusema kweli, siwezi kuwa mtu wa Ruskin pia. Ule mpira wa tyubu ulikuwa umekauka na kupasuka. Ningeuacha, kichwa kingeanguka, jicho lingevunjika. Fundi yule hakuuweka mpira ili uabudiwe. Aliuweka ili mwanasesere abebeke. Kuacha kila kitu kilivyo, ati kwa heshima, ni njia nyingine ya kukiua. Kwa hiyo swali si kama tutengeneze au tusitengeneze. Swali ni hili: kutengeneza kunageuka kuwa kuficha wakati gani?

Jibu lilinijia kwa njia ambayo sikuipenda, kwa sababu ilikuja na pesa.

Mmoja wa walimu wenzangu alimtumia picha yangu ya baada mtu anayekusanya vitu vya kale. Akanipigia simu, mtu mstaarabu, sauti ya upole. Akaniambia yuko tayari kutoa shilingi elfu tisa. Karo ya binti yangu ilikuwa imebaki elfu saba na mia tano, na shule ilikuwa imeshatuma ujumbe wa pili.

"Swali moja tu, mwalimu," akasema. "Ni orijino?"

Nilinyamaza. Ningeweza kusema ndiyo, na kwa maana yake yeye nisingekuwa mbali na ukweli. Plastiki ni ya Uingereza, macho ni yale yale, ngozi inang'aa. Kilichobaki ni kununua lastiki, kuivuta ndani na kutupa tyubu. Nani angejua? Hata nilijiambia kwamba wote tunafanya hivyo. Gari limepata ajali, linanyooshwa bodi, linapigwa rangi, mita inarudishwa nyuma, linauzwa. Nyumba ina ufa, inapakwa rangi wiki ile mpangaji anakuja kuangalia. Kipya kinyemi, ingawa kidonda.

Nikamweleza yote. Tyubu, spoki, kiwi. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema katika hali hiyo anaweza kutoa elfu tatu. Halafu akaongeza, bila ubaya wowote, kwamba nikitia lastiki sahihi mambo ya ndani hayana haja ya kutajwa, na bei yake inaweza kupanda tena. Hakuwa akinidanganya. Alikuwa akinieleza jinsi soko linavyofanya kazi.

Sikumuuzia. Nilikopa kwenye chama, nikalipa karo kwa kuchelewa, na binti yangu alirudishwa nyumbani siku mbili. Sitaki kujivika taji hapa. Kama pesa zile zingekuwa za hospitali ningeuza, na ningeuza kwa elfu tatu. Lakini katika zile dakika za simu nilipata kanuni ambayo bado naishikilia: mwenye kuumia kwa kutojua ndiye mwenye haki ya kuambiwa.

Ijaribu uone. Mnunuzi wa gari lililonyooshwa bodi anaumia kwa kutojua. Breki zikimgeuka atakufa. Ana haki. Mnunuzi wangu angetoa elfu tisa kwa jambo ambalo halikuwapo. Ana haki. Lakini jirani yangu aliyewahi kufungwa, ambaye sasa anauza mboga na kuimba kwaya, je, anapaswa kujitangaza kila anapopima sukuma wiki? Hapana. Mimi siumii kwa kutojua. Sukuma ni ile ile. Rafiki yangu aliyeungua shingo utotoni na hufunga kitambaa kila siku hamdanganyi mtu, kwa sababu hakuna anayemnunua. Mtu hauzwi, na asiyeuzwa hana deni la kuonyesha kila mshono wake. Haki ya mtu kujitengeneza akaonekana mpya ni pana kuliko ya gari. Lakini nayo ina mwisho: anayetaka kumuoa jirani yangu huyo, akakabidhi maisha yake mikononi mwake, yeye anastahili kuambiwa zaidi kuliko mimi mnunuzi wa mboga.

Kanuni hii ilinitosha kwa muda. Kisha nikaona ina pengo, na pengo hilo ni yule mtu wa kiwi.

Yeye hanunui chochote. Hata hayuko hapa. Pengine alikuwa mtoto wakati wa Hali ya Hatari, pengine alikuwa mama aliyempakia mwanawe, pengine amezikwa zamani. Je, ana haki gani kwangu? Nilidhani hana. Lakini watu wetu wengi wameishi na kutoweka bila kuacha barua wala picha wala jina kwenye kitabu chochote. Alichokiacha huyu ulimwenguni, angalau kwenye mikono yangu, ni tabaka jembamba la nta ya kahawia lenye wazo ndani yake: huyu mtoto ni wangu, na atafanana nami. Mimi nikalipeleka kwenye beseni kwa mafuta ya watoto. Kama kuna namna wafu huumia kwa sisi kutojua, basi ni hii. Kwa hiyo naipanua kanuni yangu. Anayetengeneza anawiwa na watu wawili: anayekipokea kitu baada yake, na aliyekishika kabla yake. Wa kwanza anadai ukweli. Wa pili anadai tusimame kidogo tuulize kabla ya kufuta, hii ni nini, na nani aliiweka hapa?

Wahifadhi wa makumbusho wana nidhamu inayokaribia hii. Wanajaribu kufanya yale tu ambayo yanaweza kutenguliwa baadaye, na wanaandika kila walichokikuta na kila walichokifanya. Mimi nilikuwa nimeshavunja nusu ya kwanza. Nikaamua kushika ya pili.

Nilikwenda kwa fundi wa baiskeli, nikanunua kipande cha tyubu. Ningeweza kununua lastiki, ingekuwa rahisi. Lakini niliona niendeleze kazi ya fundi wa pili badala ya kujifanya fundi wa kwanza. Nilikata ukanda upana ule ule, nikaufunga, nikairudisha spoki mahali pake. Fundo langu ni baya kuliko lake. Lile la zamani nililifunga kwenye kitambaa pamoja na kipande kimoja cha pamba chenye kiwi, kile ambacho mama alikisugua. Nilitia tone la mafuta ya cherehani kwenye jicho lililogoma, na siku ya tatu likafumbuka. Nikamshonea gauni lenye mfuko mdogo kwa ndani, na katika mfuko huo nikaweka karatasi. Nililiandika jambo hilo kama mwalimu anavyoandika ripoti: alikopatikana, kilichokutwa ndani, kilichobadilishwa. Kuhusu rangi niliandika kwamba alikuwa amepakwa kiwi ya viatu, na kwamba alisafishwa.

Binti yangu alimpokea bila sherehe kubwa. Alimkagua, akamlaza, akamwamsha, akauliza kwa nini hana nywele. Shosho wake akamwambia habari za kiwi na za gunzi la mahindi. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa.

"Mama, tumpake tena?"

Nilimwambia siwezi kumjibu. Kiwi nitakayopaka mimi haitakuwa ile. Itakuwa ni mimi najaribu kujisikia vizuri. Lakini yeye si mimi. Mwanasesere sasa ni wake, na mwenye kucheza ana haki ambazo fundi hana. Akimpaka, atakuwa amempaka yeye, kwa sababu zake. Nikamwambia tu afikiri kwanza. Hadi leo hajampaka. Badala yake alimfuma nywele za uzi mweusi, akazisuka mistari minne, na akampa jina ambalo hataki kuniambia.

Wiki iliyopita nilikuwa nafua lile gauni. Nikatoa karatasi mfukoni isije ikaloa, na nikaona chini ya maandishi yangu kuna mistari mingine ya penseli, kwa mwandiko wa darasa la tatu. Neno langu, alisafishwa, lilikuwa limepigwa mstari. Chini yake alikuwa ameandika: Alikuwa wa rangi yetu. Mama alifuta kwa makosa. Hakujua.

Nilisimama na karatasi hiyo mkononi hadi mikono ikakauka povu. Nilikuwa nimemkatalia mnunuzi, nimekopa pesa, nimeandika ripoti, nimejiona mtu mkweli, na bado nilikuwa nimetafuta neno moja safi la kufunika palipovuja. Alisafishwa. Sentensi haina mtendaji. Nani alimsafisha? Mwalimu wa sarufi mzima, na nilikuwa nimejificha ndani ya kauli ya kutendwa.

Nimeirudisha karatasi mfukoni kama ilivyo, na mstari wake.